Dohani Katika Mandhari: Mchoraji wa Mji wa Shaba na Msomaji wa Kiswahili

Katika madarasa ya fasihi ya Kiswahili, mandhari ni miongoni mwa istilahi za mwanzo kabisa anazofundishwa mwanafunzi, na pengine ndiyo inayosahauliwa mapema zaidi. Akitakiwa kuijadili katika mtihani, mwanafunzi huandika kwamba mandhari ni mahali na wakati ambapo matukio hutendeka, hutaja kijiji au jiji, hutoa mfano mmoja, kisha hukimbilia wahusika na maudhui, ambako anaamini ndiko ziliko alama. Kwa watazamaji wa uchoraji hali haina tofauti kubwa. Mandhari huchukuliwa kuwa mlima, mto, mnazi na machweo ya jua. Picha ya kutundikwa katika ukumbi wa hoteli ili ukuta usionekane mtupu. Kwa ufupi, mandhari ni pambo.

Maoni yanayotolewa hapa ni kwamba dhana hiyo ni finyu, na kwamba shahidi mzuri wa kuipinga ni mtu ambaye hakupata kusoma katika idara yoyote ya Kiswahili, ingawa kazi zake alizieleza kwa Kiswahili. Mtu huyo ni Tshibumba Kanda-Matulu, mchoraji aliyezaliwa mwaka 1947 katika mji ambao leo huitwa Lubumbashi, katika Katanga ya Kongo.

Yafaa kuanza na mji wenyewe. Lubumbashi haukuzaliwa na bandari, wala soko la kale, wala ikulu ya mfalme. Ulizaliwa na shaba. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906. Reli kutoka kusini ikafika mwaka 1910, mji ukaanzishwa mwaka huohuo kwa jina la Elisabethville, na mwaka 1911 matanuri yakaanza kuyeyusha madini. Kutokana na matanuri hayo vikapatikana vitu viwili ambavyo vimekuwa uso wa mji tangu hapo: dohani ndefu inayoonekana kutoka kila upande, na kilima cheusi cha mabaki ya madini yaliyoyeyushwa, kilichokua mwaka hadi mwaka kama kichuguu. Vyote viwili havikuumbwa na Mungu, wala havikusanifiwa na mtu aliyetaka kuwapendeza wakazi. Hata hivyo hiyo ndiyo mandhari ambayo watoto wa Elisabethville waliamka na kuiona. Mji ulibadilishwa jina mwaka 1966. Kampuni ilitaifishwa mwaka 1967, na baadaye ikajulikana kama Gécamines. Jimbo nalo likaitwa Shaba kuanzia mwaka 1971 hadi 1997. Ni nadra jimbo zima kupewa jina la madini yaliyomo ardhini mwake, na ni nadra zaidi jina hilo kuwa neno la Kiswahili.

Hilo la lugha halikuwa sadfa. Kiswahili kilikuwa kimekwisha kufika pande hizo na misafara ya biashara kabla ya ukoloni, lakini kilichokieneza mitaani ni mgodi. Wafanyakazi waliletwa kutoka mbali, wengine kutoka Rhodesia ya Kaskazini, wengine Kasai, wengine hata Rwanda na Burundi, na kila mmoja alikuja na lugha ya mama yake. Wakubwa wa kikoloni, kwa sababu zao ambazo zilihusu pia hofu ya ushawishi wa Waingereza waliokuwa kusini ya mpaka, waliona heri Kiswahili kiwe lugha ya kazi. Watoto waliozaliwa katika kambi za kampuni wakakifanya lugha ya nyumbani. Kwa hiyo lugha na kilima cheusi vilikua pamoja, vyote viwili kwa amri ya kampuni, na vyote viwili vikaishia kuwa mali ya wakazi kwa namna ambayo kampuni haikuikusudia.

Sasa, wachoraji wa mji huu waliifanyia nini mandhari hiyo? Jibu la kwanza lashangaza. Mwaka 1946 Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alianzisha katika Elisabethville karakana ya uchoraji iliyokuja kujulikana kama Le Hangar. Humo walipatikana mafundi wa hali ya juu: Pilipili Mulongoy, aliyechora ndege, samaki na nyoka kwa utulivu wa ajabu, Bela Sara, aliyechora kwa ncha za vidole badala ya brashi, na Mwenze Kibwanga, aliyejaza picha zake mistari mifupi iliyopangana kama ususi wa mkeka. Romain-Desfossés aliwakataza kuiga sanaa ya Ulaya na kuwataka wachote katika mawazo yao wenyewe. Picha zao zilipendwa na Wazungu na nyingi zikavuka bahari. Hakuna haja ya kuzibeza, kwani nyingi zinapendeza hadi leo, na Pilipili anastahili kila sifa aliyopewa.

Lakini mtu akizitazama kwa muda ataanza kuuliza: dohani iko wapi? Wasanii hawa walifanya kazi katika mojawapo ya miji mikubwa ya viwanda ya Afrika ya wakati huo, na kilichotoka mikononi mwao ni pori, mito na wanyama. Yawezekana ndivyo walivyopenda wenyewe. Yawezekana pia kwamba mnunuzi alikuwa akiitafuta Afrika isiyo na moshi, maana moshi anao wa kutosha kwao. Mwalimu aliyekataza kuigwa kwa Ulaya hakuweza kuuzuia mfuko wa Ulaya usiamue kinachotundikwa ukutani. Mandhari ya Le Hangar ni nzuri, ila imesafishwa. Mchimbaji mgodi ameondolewa kama mtu anavyoondoa takataka mbele ya nyumba anapotarajia wageni.

Dohani iliingia katika picha pale mchoraji alipoanza kumuuzia jirani yake. Hasa katika miaka ya 1970, walitokea Lubumbashi na miji mingine ya Shaba wachoraji wengi ambao hawakuwa na karakana ya mfadhili wala maonyesho ya ng'ambo. Walichora juu ya kitambaa cha magunia ya unga, wakatembeza picha mitaani, na walionunua ni makarani, walimu na wafanyakazi wa migodi waliotaka kitu cha kutundika sebuleni. Wanunuzi hao walizipenda picha za aina chache zilizorudiwarudiwa. Kulikuwa na mamba muntu, yaani yule kiumbe nusu mwanamke nusu samaki. Kulikuwa na kijiji kando ya maji. Kulikuwa na picha iliyoitwa Colonie belge, ambamo mfungwa anachapwa viboko katika ua wa gereza huku ofisa akitazama na bendera ya Ubelgiji ikipepea. Mtu aliyetoka kazini akiwa amechoka alikaa kwenye kiti chake, akala chakula chake, na juu ya kichwa chake mtu mwingine alikuwa akichapwa. Je, hilo ni pambo?

Wenyeji walikuwa na neno lao kwa kazi ya picha hizo, nalo ni ukumbusho. Johannes Fabian, mwanaanthropolojia aliyefundisha katika chuo kikuu cha Lubumbashi mwanzoni mwa miaka ya 1970, pamoja na Ilona Szombati-Fabian, waliligundua neno hilo katika mazungumzo na wachoraji na wanunuzi, wakalifanya msingi wa maelezo yao yaliyochapishwa mwaka 1976. Mwanafunzi wa isimu hahitaji kwenda mbali ili kuona uzito wake. Kitenzi ni kumbuka; kikinyambuliwa kwa kusababisha huwa kumbusha; na nomino inayotokana nacho ni ukumbusho. Kumbukumbu mtu anaweza kuwa nayo kichwani akiwa amelala. Ukumbusho ni kitu kinachomfanya akumbuke hata asipotaka. Tofauti hiyo, ambayo katika sarufi hupita kama mfano mmoja wa mnyambuliko, kwa wachoraji wa Shaba ilikuwa nadharia kamili ya sanaa.

Na kwa kuwa nadharia imetajwa, ikumbukwe kuwa mandhari na nadharia ni ndugu wa baba mmoja. Yote mawili yametokana na mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kutazama. Mandhari, kwa asili, ni kile kinachotazamwa. Kwa hiyo haiwezi kuwapo pasipo jicho, na jicho lina mwenyewe, na mwenyewe ana anachokitafuta. Vitabu vya darasani vinavyoifasili mandhari kuwa mahali na wakati tu vimeondoa jicho hilo.

Tshibumba alikuwa mmoja wa wachoraji hao wa magunia ya unga. Kwa riziki yake alichora picha za kawaida zilizouzika, lakini alijiona kuwa mwanahistoria, na alitaka kuchora historia nzima ya nchi yake. Alipokutana na Fabian alipata mtu wa kumsikiliza na kununua, na kati ya mwaka 1973 na 1974 akachora mfululizo wa picha 101, tangu zama za mababu hadi siku zake na hata zijazo. Kila alipoleta picha aliieleza, naye Fabian akarekodi maelezo hayo katika kanda. Maandishi yaliyomo ndani ya picha aghalabu ni ya Kifaransa, lugha ya shule na ya serikali. Maelezo yenyewe, pale ambapo mtu anasema anachokiamini, ni ya Kiswahili cha Shaba, kilichochanganywa na Kifaransa kama kinavyochanganywa mitaani.

Wapo watakaopinga kwamba Tshibumba aitwe mchoraji wa mandhari, kwa vile yeye mwenyewe alichagua jina jingine. Pingamizi hilo lina haki yake. Lakini na itazamwe namna anavyotumia mahali. Mnamo Disemba 1941 wafanyakazi wa Union Minière waligoma wakidai mishahara zaidi, na askari wakawapiga risasi katika uwanja wa mpira wa Elisabethville. Makumi ya watu walikufa. Tshibumba alizaliwa miaka sita baadaye. Uwanja aliouchora haukuwa ule aliouona kwa macho siku hiyo. Ulikuwa uwanja uliokuwa bado upo, ambao watu waliupita wakienda sokoni, na ambao wazee waliuonyesha kwa kidole. Kuchora tukio hilo ni kukataa kwamba uwanja ni uwanja tu. Mandhari inageuzwa kuwa ushahidi.

Mfano ulio wazi zaidi ni picha yake ya kifo cha Lumumba. Lumumba aliuawa Katanga tarehe 17 Januari 1961, si mbali na Elisabethville, na mwili wake ukaangamizwa ili pasiwe na kaburi la kwenda kulia. Tshibumba amemlaza chini katika uwanda mtupu, damu inayomtoka ubavuni inaandika neno la umoja juu ya ardhi, na kwa mbali imesimama misalaba mitatu. Mtazamaji yeyote aliyelelewa Kikristo, na Katanga ya wamisionari ilijaa watazamaji hao, hahitaji kuelezwa hapo ni wapi. Pale ambapo wauaji walitaka pasiwe na mahali, mchoraji ameweka mahali, tena amepachukua Golgotha na kupaleta katika nchi ya shaba. Katika picha kama hiyo, mhakiki anayeanza na wahusika na kuiacha mandhari kuwa jambo la mwisho hajaiona picha.

Haya yote yangeweza kusomwa kama historia ya sanaa iliyopita, lau si yaliyoipata miji hiyo baadaye. Katikati ya miaka ya 1980 Gécamines ilikuwa ikizalisha zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Kufikia mwaka 1994 uzalishaji ulikuwa umeporomoka hadi chini ya tani 50,000. Kampuni ambayo kwa vizazi viwili ilikuwa imetoa nyumba, shule, hospitali na posho ya unga haikuweza tena kulipa mishahara, na mwaka 2003, kwa mpango uliogharimiwa na Benki ya Dunia na kuitwa wa kuondoka kwa hiari, zaidi ya wafanyakazi 10,000 waliachishwa kazi. Hiari ya mtu aliyekaa miezi mingi bila mshahara ni suala ambalo wataalamu wa semantiki wangepaswa kulijadili. Mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu, katika kitabu alichokichapisha mwaka 2001, aliwaita watu hao Bana Shaba, wana wa shaba, walioachwa na baba yao. Jina la kitabu ni la Kifaransa, lakini maneno hayo mawili yamebaki jinsi yasemwavyo, na hakuna tafsiri ambayo ingeyabeba.

Tangu hapo dohani imekuwa na maana nyingine. Iliyokuwa alama ya moshi, na kwa hiyo ya kazi na ugali, ikawa alama ya kimya. Kilima cheusi nacho hakikuachwa kipumzike. Tangu mwanzoni mwa karne hii kilianza kuchotwa na kuyeyushwa upya kwa ajili ya kobalti iliyobaki ndani yake. Mandhari iliyojengwa na jasho la mababu ikawa malighafi, ikapakiwa na kuuzwa. Sammy Baloji, mzaliwa wa Lubumbashi wa mwaka 1978, si mchoraji bali ni mpigapicha, lakini katika mfululizo wake wa mwaka 2006 uitwao Mémoire alifanya jambo ambalo Tshibumba angelitambua mara moja: alichukua sura za wafanyakazi kutoka katika picha za kikoloni, zisizo na rangi, akazisimamisha katikati ya magofu ya viwanda ya leo yenye rangi. Watu hao wanatazama mbele, wamesimama katika mahali palipowatumia. Na tamasha la sanaa ambalo yeye na wenzake walilianzisha Lubumbashi mwaka 2008 walilipa jina la Picha. Jina hilo halihitaji maelezo kwa msomaji wa Mombasa au Eldoret.

Hapa ndipo lawama inapostahili kuelekezwa nyumbani. Katika vyuo vya Kenya, Kiswahili cha Kongo kikitajwa, aghalabu hutajwa katika orodha ya lahaja na pijini, au hutolewa mfano wa lugha iliyoharibika ili darasa licheke. Mtu anayesema bana badala ya wana, na muntu badala ya mtu, huhesabiwa kuwa amekosea upatanisho, wala haulizwi anasema nini. Wanaotetea usanifu wana hoja nzito: lugha isiyo na kaida haiwezi kufundishwa wala kuchapishiwa vitabu, na kazi iliyofanywa tangu miaka ya 1930 ya kuisanifisha haifai kubezwa. Lakini kusanifisha lugha ni jambo moja, na kuziba masikio ni jambo jingine. Matokeo ya kuziba masikio ni haya: mtu amesimulia historia ya nchi yake, picha baada ya picha, kwa Kiswahili, mwanaanthropolojia wa Ulaya ameisikiliza na kuichapisha kwa Kiingereza mwaka 1996 katika kitabu kiitwacho Remembering the Present, na mwanafunzi wa Kiswahili wa Nairobi, ikiwa atabahatika kumsikia Tshibumba, atamsikia kwa Kiingereza.

Wala hakuna kisingizio kwamba matini hazipatikani. Manukuu ya mazungumzo hayo katika Kiswahili chake yamewekwa katika mtandao, kwenye mkusanyo uitwao Archives of Popular Swahili. Pamoja nayo ipo ile historia ya Elisabethville iliyoandikwa mwaka 1965 na André Yav kwa niaba ya watumishi wa zamani wa majumbani, ambayo inausimulia mji kama ulivyoonekana kutoka jikoni kwa Mzungu. Hiyo nayo ni matini ya Kiswahili, imeandikwa na Waafrika kwa ajili yao wenyewe, na ni idara chache mno zinazoiweka katika orodha ya vitabu vya kusomwa. Kozi za fasihi ya Kiswahili huanza Lamu na Pate, hupita Mombasa, Zanzibar na Tanga, hufika Dar es Salaam na Nairobi, kisha husimama kana kwamba Ziwa Tanganyika ni ukingo wa dunia.

Ingefaa mhadhiri mmoja, katika muhula mmoja, ajaribu jambo dogo. Awape wanafunzi manukuu ya maelezo ya picha moja tu, kwa mfano ile ya uwanja wa mpira wa mwaka 1941, pamoja na picha yenyewe. Awatake waorodheshe kila neno ambalo Tshibumba analitumia kutaja mahali: pale, hapa, kule, mbele, pembeni, awatake waone ni wapi anatumia kiambishi cha mahali na ni wapi anaazima neno la Kifaransa, kisha wajadili mchoraji anasimama upande gani wa uwanja anapozungumza. Kazi hiyo ni ya isimu na ya fasihi kwa wakati mmoja, na haigharimu chochote zaidi ya karatasi za kunakilisha.

Tshibumba mwenyewe hajulikani alikoishia. Habari zake zilikatika mwanzoni mwa miaka ya 1980. Picha zake 101 zilinunuliwa na jumba la makumbusho la Amsterdam lililojulikana kwa miaka mingi kama Tropenmuseum, ambako zimetunzwa vyema, mbali sana na sebule zilizokusudiwa. Picha nyingine za wenzake, zile zilizobaki Lubumbashi, zimekuwa zikififia kwa jua na unyevu kwenye magunia ya unga.